Ngata za Fundi Elieza

"Shukrani ni ngata: haipunguzi mzigo, hutuliza kichwa." Asili ya methali hii ni mwanamke mmoja wa kijiji cha Vuagha, katika milima ya Upare, aliyebeba mawe siku sita kwa kichwa kitupu.

Vijana wa kwaya waliisikia jioni moja baada ya sikukuu ya mavuno, walipokuwa wakisugua masufuria nyuma ya kanisa. Msichana mmoja, Anaeli, alikuwa akilalamika kwamba mama yake anaugua mwezi wa tatu sasa, na kwamba yeye amemwomba Mungu mpaka maneno yamemwishia. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu akamwambia methali hiyo, akaenda zake. Vijana wakabaki wanatazamana. Mmoja wao aliuliza ngata ni kitu gani, kwa kuwa siku hizi mizigo ya Vuagha hupanda bodaboda.

Mwalimu Nakundwa, mstaafu aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma, alikuwa ameketi karibu akihesabu vijiko vya kanisa. Aliviweka chini.

"Ngata ni duara la majani makavu ya mgomba, au la kitambaa, ambalo mtu huliweka kichwani kabla ya kujitwika," alisema. "Hiyo ndiyo maana yake ya kawaida. Kaeni niwaambie maana yake nyingine. Anaeli, wewe kaa hapa karibu."

Nakijwa alikuwa mke wa Elieza Mrutu, fundi mwashi. Elieza ndiye aliyejenga kuta za kanisa hili, na ndiye aliyeanza kujenga mnara wake. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mvua ilipokuwa imelowesha miti ya jukwaa, mguu wake uliteleza. Alianguka kutoka kimo cha watu watatu, akatua kwa mgongo juu ya rundo la kokoto.

Watu wanane walimbeba kwa kitanda hadi hospitali ya tambarare. Alikaa huko wiki saba. Daktari alimwambia Nakijwa ukweli bila kuupamba: mikono ya mumewe ni mizima, moyo wake ni mzima, akili yake ni nzima, lakini miguu haijibu, na wao wamefika mwisho wa wanachokijua. Watu wale wale wanane wakampandisha mlima na kumrudisha nyumbani.

Nakijwa aliomba. Aliomba akichota maji, akipalilia maharage, akimgeuza mumewe kitandani. Ombi lake lilikuwa moja na halikubadilika: Bwana, msimamishe. Kila asubuhi alipofumbua macho alitazama kwanza ile miguu chini ya blanketi. Ilikuwa imelala kama alivyoilaza yeye mwenyewe jana yake. Basi siku yake ilianza na jibu la hapana, na aliibeba hapana hiyo mpaka jua linazama. Usingizi ukawa mgeni kwake. Maneno yake yakawa mafupi na makali. Aliwafokea watoto wake wawili wadogo kwa makosa ambayo zamani angeyacheka.

Mwezi wa Julai pembe ya msaragambo ililia. Msaragambo ni kazi ya pamoja. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu. Safari hii kazi ilikuwa kupandisha mawe kutoka kijito cha bondeni hadi kanisani, ili mnara umaliziwe kabla ya vuli. Wanaume wangevunja na kupanga. Wanawake wangebeba, jiwe moja kila mmoja kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Hapo ndipo Nakijwa alipopata wazo lake. Aliona kwamba maombi yake yamekuwa mepesi mno. Mtu anayetaka kitu kweli, aliwaza, hukilipia. Akaweka nadhiri: atabeba mawe makubwa kuliko ya wenzake wote, na atayabeba bila ngata, jiwe juu ya fuvu. Mungu akiona maumivu yake, ataona kwamba hafanyi mzaha. Jumapili asubuhi Elieza atasimama. Na kama hatasimama, yeye Nakijwa hatakanyaga tena kanisani.

Nadhiri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, jirani yake Mama Sifaeli. Kwa watu wa Vuagha, kumwambia Mama Sifaeli jambo kulikuwa sawa na kugonga kengele. Kabla ya jua kukaza, kijiji kizima kilijua, na kila mtu akaanza kuingoja Jumapili.

Jumatatu asubuhi wanawake walishuka kijitoni. Kwenye kivuko, juu ya jiwe bapa, aliketi Bibi Navoneiwa, mkuu wa umoja wa wanawake wa kanisa. Magoti yake yalikuwa yamekataa milima miaka mingi iliyopita. Mbele yake palikuwa na kapu lililojaa ngata mpya, zimesokotwa vizuri, na kila mwanamke aliyepita alipewa moja.

"Chukua yako, mwanangu," alimwambia Nakijwa.

"Ahsante, Bibi. Sihitaji."

"Jiwe lako ni kubwa."

"Ndiyo maana sihitaji."

Bibi Navoneiwa alimtazama, kisha akairudisha ngata kapuni. Nyuma yao mwanamke mmoja alisema, "Mwacheni, huenda kichwa chake kimejengwa na mumewe, hakipasuki." Wachache walicheka. Nakijwa alijitwika jiwe lake, akaanza kupanda.

Wanawake hao walikuwa na desturi yao. Kule juu, kila mmoja alipotua jiwe lake, alisema kwa sauti asante moja kabla ya kugusa kata ya maji. Asante hazikuwa kubwa. Mmoja alishukuru kwa mbuzi aliyezaa. Mwingine alishukuru kwa sababu mkwe wake alikuwa amesafiri. Mama Sifaeli kila siku alishukuru kwa ulimi wake, na kila siku wenzake walimjibu kwamba shukrani hiyo aiseme peke yake. Kisha walikunywa.

Nakijwa alitua jiwe lake. Alitafuta ndani yake kitu cha kushukuru, akaona miguu chini ya blanketi. Aliondoka bila kusema neno na bila kunywa maji.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Nyumbani, Elieza alimuuliza kila siku swali lile lile: "Leo umeshukuru kwa nini?"

"Leo nimechoka," alijibu, akachukua ufagio. Jambo jingine lilikuwa limeanza kumuudhi. Kila aliporudi kutoka kazini alikuta vipande vya majani makavu ya mgomba sakafuni, hata juu ya blanketi la mgonjwa. Aliwashutumu watoto, watoto wakaapa kwamba si wao. Aliwashutumu kuku. Elieza alitazama dari.

"Nyumba hii ina mgonjwa," Nakijwa alisema huku akifagia kwa nguvu. "Angalau iwe safi."

"Ni kweli," alisema Elieza kwa upole.

Alhamisi shingo ya Nakijwa ilianza kukaza. Ijumaa haikugeuka kabisa. Siku hiyo alipompelekea mumewe uji hakuweza kuinama kumpa. Alisimama kando ya kitanda, kichwa kimenyooka kama mti, bakuli mikononi mwake. Elieza alijivuta kwa viwiko, akanyoosha mikono yake mirefu, akalipokea.

"Nakijwa, unajiumiza."

"Imebaki siku moja."

"Na baada ya siku moja?"

Elieza alizijua habari za nadhiri kama kila mtu. Aliushika uji bila kuunywa, mpaka ukapoa.

Jumamosi Nakijwa alichagua jiwe kubwa kuliko yote ya wiki hiyo. Ilibidi wanawake wawili wamsaidie kulitwika, nao walimsaidia kwa shingo upande, maana hakuna aliyetaka kuwa na mkono katika jambo lile. Kwenye kivuko alimpita Bibi Navoneiwa bila kumtazama. Hakuwa na kiburi. Hakuweza tu kugeuza shingo.

Hakwenda hatua thelathini. Maumivu yalishuka kutoka kwenye utosi hadi kiunoni kama waya wa moto. Jiwe liliponyoka, likadunda, likabingirika kwenye njia, likapita mguu wa Mama Sifaeli kwa tofauti ya shibiri moja. Lilisimama kwenye matete ya kijito.

Mama Sifaeli aliutazama mguu wake, akaona bado upo.

"Leo sitashukuru kwa ulimi," alisema.

Nakijwa alikuwa ameketi chini kwenye vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, mbele ya watu, alilia. Bibi Navoneiwa alishika fimbo yake, akaondoka kwenye jiwe lake bapa, akapanda zile hatua thelathini polepole sana. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika aliketi vumbini kando ya Nakijwa.

"Nimeharibu nadhiri," alisema Nakijwa. "Ilibaki safari moja. Sasa hatasimama, na kosa ni langu."

"Nani alikufundisha kwamba Mungu hununua shingo za watu?"

"Nilitaka aone kwamba nataka kweli."

"Kwani hajaona?" aliuliza Bibi. "Tangu Machi, siku zote hizo, unadhani alikuwa akitazama wapi?"

Nakijwa alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mnaniambia nishukuru. Kila siku mnashukuru mbele yangu kwa mbuzi. Mimi nishukuru kwa nini, Bibi? Nishukuru kwa mgongo uliovunjika?"

"Hapana. Kwa huo usishukuru, huo ulie." Bibi Navoneiwa alitoa ngata moja kwenye mkunjo wa kanga yake, akaiweka mapajani mwa Nakijwa. "Sina mahubiri leo. Mwinjilisti ndiye anayepewa kuku kwa kazi hiyo. Mimi nagawa ngata tu. Itazame."

Nakijwa aliitazama kwa sababu ilikuwa mapajani mwake. Ilikuwa duara safi, imebana, haina jani lililochomoza. Kisha aliona jinsi ilivyofungwa. Wanawake hufunga ngata kwa kuchomeka ncha ndani ya msokoto, basi. Hii ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mgomba uliozungushwa mara mbili, ukapitishwa chini ya wenyewe, ukakazwa kwa pembeni. Fundo hilo alilijua. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameliona kwenye miti ya majukwaa. Mtu mmoja tu hapo Vuagha alifunga hivyo.

Akakumbuka vipande vya majani sakafuni.

"Nani amesokota hii?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Amesokota zote. Za wiki nzima," alisema Bibi. "Mwezi uliopita aliniita akaniambia, Bibi, msaragambo unakuja, nami nina mikono. Nipe kazi ya mikono. Mama Sifaeli humpelekea majani wewe ukiondoka, huchukua ngata kabla hujarudi, na asubuhi huniletea kapu."

Nakijwa aligeuza mwili mzima, kwa kuwa shingo ilikataa, akamtazama jirani yake.

"Alinikataza kusema," alisema Mama Sifaeli, akitazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu milima ile iumbwe, Mama Sifaeli alikuwa ametunza siri, na ilionekana wazi kwamba kazi hiyo ilikuwa imemtesa kuliko mawe.

"Nilimuuliza anapata wapi moyo wa kusokota akiwa amelala," Bibi aliendelea. "Akaniambia, kila ngata huisemea asante moja kabla sijaifunga. Ndiyo maana nilitaka uchukue moja, mwanangu. Siku sita umemrudishia mumeo asante zake."

Nakijwa alipitisha kidole juu ya fundo. Alikuwa ameitazama miguu ya mumewe kila asubuhi tangu aliporudishwa kutoka hospitali, na katika miezi hiyo yote hakuwa ameitazama mikono yake hata mara moja.

Kisha alisimama. Alishuka hadi kwenye matete, akaliona jiwe lake, akawaita wale wanawake wawili. "Nitwikeni tena," alisema. Akaweka ngata utosini.

Jiwe lilikuwa lile lile. Halikuwa limepungua hata chembe, na mlima haukuwa umelala. Shingo bado iliuma. Lakini uzito sasa ulikaa mahali pake, ukashuka mgongoni na miguuni kama uzito unavyopaswa kushuka, na aliweza kupumua. Alipanda taratibu. Juu kabisa alitua jiwe kwenye rundo, akasimama. Wenzake walijifanya wanakung'uta kanga zao.

"Asante, Bwana," alisema Nakijwa, "kwa mikono ya Elieza."

Mtu mmoja alimpa kata ya maji. Alikunywa mpaka tone la mwisho.

Alipofika nyumbani hakuchukua ufagio. Aliketi ukingoni mwa kitanda, ngata ingali mkononi.

Elieza aliiona. "Siku sita unakataa kazi ya fundi," alisema. "Nilianza kudhani nimesahau ujenzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeichukua kwa kunihurumia. Nilitaka uichukue kwa kuwa kichwa kinauma."

Nakijwa alitaka kucheka, shingo ikamzuia. "Hutaki kusimama wewe?" aliuliza. "Unawezaje kulala hapo na kusema asante?"

"Kule hospitali niliomba miguu tu, usiku na mchana. Sikupata usingizi hata kidogo. Siku moja maneno yaliniishia. Nikatazama juu ya blanketi, nikaona vidole vyangu, nikasema, basi asante kwa hivi. Siku hiyo nililala. Kesho yake nikamshukuru kwa ajili yako."

"Na miguu?"

"Miguu bado naiomba. Sijaacha hata siku moja. Ila siku hizi naiomba nikiwa nimetulia."

Waliomba pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu Machi. Elieza alitaja asante yake, Nakijwa akataja yake, watoto wakaitwa nao wakataja zao. Mdogo alishukuru kwa sababu mama hakufoka. Ndipo wakaliweka mbele za Mungu lile ombi lao la siku zote. Maneno yake hayakubadilika. Usiku huo Nakijwa alilala mpaka jogoo wa tatu.

Jumapili alipofumbua macho alitazama miguu chini ya blanketi. Ilikuwa imelala kama alivyoilaza. Alihisi ule uchungu wa zamani, na hakujifanya hauhisi. Kisha alipandisha macho, akatazama mikono iliyokuwa juu ya blanketi. Kwenye kucha palikuwa na unga wa majani ya mgomba. Aliinuka, akaoga, akavaa kitenge chake cha sikukuu.

Kanisani kipande cha reli kilichotumika kama kengele kilikwisha kugongwa mara mbili. Watu walikuwa wameketi, lakini hakuna aliyekuwa akitazama mbele. Wote walitazama mlango. Mwinjilisti Yoeli naye alirefusha tangazo la kwanza zaidi ya ilivyohitajika. Kama Nakijwa hatakuja, kila mtu alijua maana yake.

Alikuja. Aliingia akiwa amechelewa, na kichwani, juu ya ngata, alikuwa amebeba sanduku la mbao la zana za mumewe: nyundo, patasi na timazi. Alilitua mbele ya madhabahu. Wakati wa shukrani ulipofika na mwinjilisti akauliza nani ana neno, alisimama.

"Mume wangu hakusimama leo," alisema. "Najua mlikuwa mnangoja. Na mimi nilikuwa nangoja. Mzigo wangu ni ule ule niliokuwa nao Jumatatu. Nimepata ngata tu." Alionyesha sanduku. "Nimeleta zana zake. Kesho naomba watu wanane wambebe kwa kiti hadi hapo nje. Hawezi kupanda mnara, lakini mawe yanaweza kumfuata chini. Anasema mawe ya mnara yamechongwa vibaya, na hawezi kulala huku akijua hivyo."

Watu walicheka, na wengine walikuwa wakipangusa macho. Wakati wa kutoka wanawake waliyarudia maneno yake njiani. Inasemekana ni Mama Sifaeli aliyeyapunguza na kuyafunga yakawa methali, kwa kuwa alikuwa na wiki nzima ya maneno ambayo hakuwa ameyasema.

Mwalimu Nakundwa aliinua mkono, akaonyesha mnara wa kanisa juu ya vichwa vya vijana. Mawe ya chini, aliyoyajenga Elieza kabla ya kuanguka, yalikuwa na nyuso za kukwaruza. Kuanzia kimo cha watu watatu kwenda juu, kila jiwe lilikuwa limechongwa likanyooka, na viungo vyake vilikuwa vyembamba kama uzi.

"Alisimama?" aliuliza Anaeli. "Baadaye, alikuja kusimama?"

"Hapana," alisema mwalimu. "Alichonga miaka kumi na tisa akiwa ameketi. Aliomba miguu mpaka siku yake ya mwisho, na nyumba yake ilikuwa nyumba ambayo watu walipenda kuipitia. Mama yako nitamwombea nawe leo, Anaeli, apone. Tutaomba apone kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Lakini kwanza niambie kitu kimoja alichofanya leo."

"Asubuhi alinisuka nywele," alisema. "Akiwa amelala. Alisema nisiende sikukuuni kama kunguru."

"Haya. Anzia hapo."

Msichana aligusa nywele zake. Kisha alichukua kitambaa cha kukaushia vyombo, akakikunja kwa urefu, akakizungusha mpaka kikawa duara, akakiweka utosini. Wenzake walimtwika sufuria kubwa la sikukuu, akaondoka nalo kuelekea stoo, mikono ikiwa huru.

Shukrani ni ngata: haipunguzi mzigo, hutuliza kichwa.